Asilimia Inapanda, Tani Zinaongezeka: Uhakiki wa Hesabu za Gesijoto za Uganda

Mwaka 2015 Uganda iliiahidi dunia kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 22. Mwezi Septemba 2022 ikaihuisha ahadi hiyo na kuifikisha asilimia 24.7. Anayezisoma namba hizi mbili peke yake atasema nchi imejibana zaidi. Lakini asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na kitu chenyewe kilibadilika. Hati ya kwanza ilikadiria kwamba, mambo yakiachwa yaende kwa mazoea, Uganda ingezalisha tani milioni 77.3 mwaka 2030. Hati ya pili ilikadiria kwamba mwaka uleule, kwa mazoea yaleyale, ingezalisha tani milioni 148.8. Ukitoa asilimia 22 katika 77.3 unabaki na takriban milioni 60. Ukitoa asilimia 24.7 katika 148.8 unabaki na takriban milioni 112. Kwa asilimia, ahadi imekuwa kali zaidi. Kwa tani, kiwango kinachoruhusiwa kimekaribia maradufu.

Sidai kwamba kuna aliyedanganya. Hati ya kwanza ilitegemea zaidi hatua za nishati, misitu na ardhioevu. Ya pili imegusa uchumi mzima: kilimo, usafiri, taka na viwanda vimo pia, tena kwa takwimu mpya. Kupanua hesabu ni jambo jema. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hesabu ya gesijoto haiwezi kumsaidia mwananchi kufuatilia mwenendo wa nchi yake ikiwa kila hati inakuja na kipimo chake bila kuonyesha imetofautianaje na iliyotangulia. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna madaftari kadhaa, na bado hatujui kama mali imeongezeka au imepungua.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa sayansi ya anga. Hata hivyo, tumefundishwa kuhakiki matini kwa kuuliza nani anasema, amejumuisha nini, ameacha nini, na toleo hili linahusianaje na lililopita. Maswali hayo yanatosha kuisomea hati ya gesijoto.

Hesabu hupatikanaje

Hakuna mtu anayesimama juu ya kilima cha Kololo na mizani ya kupimia moshi wa nchi. Hesabu ya kitaifa hufanyika mezani. Mtaalamu huchukua kiasi cha shughuli fulani, kwa mfano lita za dizeli zilizouzwa, idadi ya ng'ombe, hekta za msitu uliofyekwa au tani za saruji iliyotengenezwa, kisha hukizidisha kwa namba inayokadiria kila kipimo cha shughuli hiyo hutoa gesi kiasi gani. Namba hiyo nitaiita kizidishi. Matokeo hupangwa katika mafungu manne: nishati; viwanda na matumizi ya bidhaa; kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi; na taka.

Wajibu wa kuhesabu ulitokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, na namna ya kuhesabu imeelezwa katika miongozo ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, hasa ule wa mwaka 2006. Mwongozo huo unataka sifa tano: uwazi, usahihi, ukamilifu, uwezekano wa kulinganisha nchi na nchi, na uthabiti wa mfululizo wa miaka. Sifa hii ya mwisho ndiyo ninayoishikilia. Maana yake ni kwamba ukibadilisha njia ya kuhesabu mwaka huu, sharti urudi nyuma uihesabu upya miaka yote iliyopita kwa njia hiyohiyo, kisha ueleze tofauti imetoka wapi. Mkulima aliyepima mahindi ya mwaka jana kwa pishi na ya mwaka huu kwa debe hawezi kulinganisha mavuno kwa kutazama idadi ya vipimo tu. Lazima kwanza ageuze pishi kuwa debe.

Ng'ombe yuleyule, namba nyingine

Tuchukue mfano wa ng'ombe, maana ni mnyama tunayemfahamu tangu Kiruhura hadi Karamoja. Anapocheua hutoa methani. Gesi hii hunasa joto kuliko hewa ukaa, kwa hiyo ili zijumlishwe pamoja methani hugeuzwa kuwa tani zinazolingana na za hewa ukaa. Kigeuzi chenyewe kimebadilika kadiri sayansi ilivyoendelea. Katika ripoti ya Jopo ya mwaka 1995, tani moja ya methani ililingana na tani 21 za hewa ukaa. Katika ripoti ya 2007 ikawa 25. Katika ripoti ya tano, ambayo sehemu yake ya sayansi ilitoka mwaka 2013, ikawa 28, na ndiyo inayotakiwa sasa katika ripoti zinazotolewa chini ya Mkataba wa Paris.

Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu ng'ombe milioni 11.4 nchini Uganda. Mwongozo wa 2006 unawakadiria ng'ombe wa Afrika wasio wa maziwa kuwa hutoa kilo 31 za methani kila mmoja kwa mwaka. Kwa kurahisisha, nitawachukulia ng'ombe wote kwa kiwango hicho. Tunapata takriban tani 353,000 za methani. Tukitumia kigeuzi cha 21, hizo ni sawa na tani milioni 7.4 za hewa ukaa. Tukitumia 28, ni tani milioni 9.9. Tofauti ni tani milioni 2.5, na hakuna hata ndama mmoja aliyezaliwa kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Mtu akiweka namba ya kwanza katika hati ya zamani na ya pili katika hati mpya, msomaji atadhani wafugaji wamezidisha uchafuzi kwa thuluthi moja.

Kuna jambo zito zaidi hapa kuliko kigeuzi. Kizidishi cha kilo 31 ni cha ngazi ya kwanza, yaani ya nchi isiyo na vipimo vyake. Kwa ngazi hiyo, ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu anayetembea kutwa kutafuta maji, na dume wa kisasa anayeletewa majani zizini, ni kitu kimoja. Mfugaji akiboresha malisho, akakuza wanyama kwa haraka na kuwauza mapema, hesabu haitaliona boresho hilo. Itaona vichwa tu. Njia pekee ya kupunguza namba katika daftari la namna hiyo ni kupunguza ng'ombe. Hapo hesabu inakuwa imeshatoa hukumu ya sera kabla ya mwanasiasa yeyote kufungua kinywa, na anayehukumiwa ni mfugaji.

Dawa yake inajulikana. Ngazi ya pili hutumia uzito wa mnyama, chakula chake na maziwa anayotoa. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuandaa hesabu ya ngazi hiyo kwa ng'ombe wa maziwa, ikichukua miaka ya 1995 hadi 2017 kwa mfululizo mmoja. Hilo ndilo daftari ninalolizungumzia: miaka mingi, kipimo kimoja.

Msitu nao una matoleo yake. Kwa fasili iliyotumiwa na Uganda katika kupima upotevu wa misitu, msitu ni eneo la angalau hekta 1, lenye miti inayofikia mita 4, na matawi yanayofunika asilimia 30 ya ardhi. Kwa fasili ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni nusu hekta, mita 5 na asilimia 10. Pori la savana ambalo matawi yake yanafunika asilimia 20 linaweza kuwa msitu kwa fasili moja na lisiwe msitu kwa nyingine. Likifyekwa, upande mmoja utaandika kwamba msitu umepotea, upande mwingine hautaliandika chini ya kichwa hicho. Kila fasili ina sababu zake. Anayepotoshwa ni msomaji anayeruka kutoka jedwali moja hadi jingine bila kuambiwa kwamba amevuka mpaka wa fasili.

Mkaa unahesabiwa wapi

Familia nyingi za Uganda hupika kwa kuni au mkaa. Ungetarajia basi kwamba fungu la nishati lingejaa moshi wa majikoni. Sivyo. Kwa mujibu wa mwongozo, hewa ukaa inayotokana na kuchoma kuni na mkaa haijumlishwi katika nishati. Huandikwa pembeni kwa kumbukumbu tu, na hasara yenyewe huhesabiwa katika misitu, mti unapokatwa bila mwingine kuchukua nafasi yake. Methani na naitrasi oksaidi zinazotoka jikoni ndizo zinazobaki katika nishati. Sababu ya utaratibu huu ni nzuri: bila huo, mti mmoja ungehesabiwa mara mbili, ulipokatwa na ulipochomwa.

Lakini utaratibu wa kuzuia kuhesabu mara mbili una athari katika namna tunavyoiona nchi. Mti unakatwa Acholi, mkaa unachomwa Kampala. Katika jedwali, Kampala inaonekana safi na kaskazini inaonekana imeharibu. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi. Sipingi kulindwa kwa miti ya mafura ya yao, ambayo huko hutoa mafuta na chakula. Ninachosema ni kwamba hesabu inayolitazama shina la mti pekee huzaa sera inayomtazama mkataji pekee. Mama wa Bwaise au Katwe anayenunua kopo la mkaa kwa sababu gesi ya kupikia imemshinda bei hayumo katika sentensi. Na kama hayumo katika sentensi, hayumo katika suluhisho.

Hapa mhakiki anapaswa kupendekeza jambo dogo. Ile hesabu ya pembeni, inayoandikwa kwa kumbukumbu, iletwe mbele katika muhtasari wa hati. Hakuna kanuni inayozuia. Isijumlishwe, ila ionekane, na ioneshwe kwa miaka yote ili tujue kama majiko yanabadilika au la.

Mafuta yanayovuka mpaka

Suala la tatu ni la mpaka. Hesabu ya kitaifa hufuata ardhi: gesi huandikwa katika nchi inakotolewa. Februari 2022 kampuni ya TotalEnergies na washirika wake walitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mafuta ya Ziwa Albert. Bomba la kuyasafirisha lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na sehemu kubwa yake imo Tanzania. Kwa kuwa mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, bomba lazima lipashwe joto njia nzima.

Nani ataandika nini? Gesi itakayotoka visimani na mitamboni upande wa Uganda itaandikwa Uganda. Itakayotokana na kuendesha bomba upande wa Tanzania itaandikwa Tanzania. Mafuta yenyewe yakishauzwa, moshi wake utaandikwa kule yatakakochomwa. Pipa moja la mafuta ghafi likichomwa hutoa takriban tani 0.43 za hewa ukaa. Mapipa 200,000 kwa siku, ambayo ni chini kidogo ya kiasi kilichopangwa kupita katika bomba hilo, ni takriban tani milioni 31 kwa mwaka. Linganisha na milioni 112 tulizoahidi kutozivuka mwaka 2030. Ni zaidi ya robo yake, nayo haitagusa daftari letu kabisa.

Mtu anaweza kusema hiyo ni haki, kwa kuwa anayeendesha gari Ulaya au Asia ndiye anayechoma. Ninakubali kwamba kanuni ni ileile kwa wote, na ndiyo inayozifanya nchi tajiri zionekane safi kwa bidhaa zilizotengenezwa viwandani mwa wengine. Ila mtu hawezi kuilalamikia kanuni hiyo inapozipendelea nchi tajiri, halafu akainyamazia inapotupendelea sisi. Mhakiki mwaminifu huuliza swali moja pande zote mbili.

Pingamizi

Ninatarajia kupingwa na wenzangu kwa hoja hii: Uganda ni nchi maskini, mchango wake katika kuongezeka kwa joto duniani ni mdogo mno, na Mkataba wa Paris wenyewe unaziruhusu nchi zenye maendeleo duni kuwasilisha ripoti kwa nafasi yao. Kwa nini tujisumbue na usawa wa namba wakati wachafuzi wakubwa wanaendelea?

Hoja hiyo ina uzito, na sehemu yake ya kwanza ni kweli tupu. Lakini nina majibu matatu. Mosi, fedha. Ahadi yetu kwa sehemu kubwa inategemea msaada kutoka nje, na anayetoa fedha hulipia tani zilizopunguzwa. Tani zilizopunguzwa hupatikana kwa kutoa kilichotokea katika kile kilichokadiriwa kutokea. Makadirio yakiinuliwa, upunguzaji unaonekana mkubwa hata pasipo mti uliookolewa. Mlipaji akigundua, atakayekosa kuaminiwa kesho ni mwanakijiji aliyepanda miti kweli.

Pili, sheria. Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 imeweka masharti ya kupima gesijoto, kutoa ripoti na kuthibitisha taarifa. Inamruhusu pia mtu kwenda Mahakama Kuu kumlalamikia yeyote, serikali ikiwemo, ambaye vitendo vyake vinahatarisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo. Haki hiyo ni butu ikiwa mlalamikaji hawezi kuonyesha mwaka jana tulikuwa wapi na mwaka huu tuko wapi.

Tatu, sisi wenyewe. Mwaka 1990 misitu ilifunika takriban robo ya ardhi ya Uganda, na tangu hapo sehemu kubwa imetoweka. Mvua, udongo na kuni zilizotoweka pamoja nayo hazikuwa za mfadhili. Daftari la gesijoto ni kumbukumbu ya ardhi yetu kabla ya kuwa ripoti kwa wageni.

Lugha ya hesabu

Hati zote mbili nilizozihakiki zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Miezi miwili baadaye ahadi ya pili ikatoka. Sidhani kuna matini iliyofaa zaidi kuanzia.

Lakini nasi watu wa Kiswahili tuna deni. Tumezoea kuziita gesi zote hewa ukaa. Tunasema nchi imepunguza hewa ukaa, tunasema biashara ya hewa ukaa, hata pale tunapozungumzia methani ya ng'ombe au naitrasi oksaidi ya mbolea. Mfugaji akiambiwa ng'ombe wake anazalisha hewa ukaa kwa mamilioni ya tani, atauliza moto uko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Neno gesijoto lipo na linatosha kuwa jina la kundi zima. Tuliache hewa ukaa liwe jina la gesi moja. Aidha, tunahitaji kukubaliana juu ya maneno ya kizidishi, kigeuzi na makadirio ya mazoea, ambayo nimeyatumia hapa kwa kukosa yaliyokwisha kukubalika. Wahadhiri wetu wa istilahi wana kazi hapo, na wanafunzi wana mada za tasnifu.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba namba ya gesijoto hubadilika kwa sababu za aina mbili. Kuna mabadiliko ya nchi: miti kukatwa, magari kuongezeka, majiko kubadilika. Na kuna mabadiliko ya hesabu: kigeuzi kipya, fasili nyingine, fungu lililoongezwa. Hati inayompa msomaji asilimia peke yake huzichanganya aina hizo mbili, na mtu akishazichanganya hawezi kujua kama serikali yake inastahili pongezi au lawama.

Kwa hiyo ninapendekeza kila hati ijayo itangulize tani na kufuatisha asilimia. Iwe na ukurasa mmoja unaoweka mfululizo wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu, na sababu ya kila tofauti kwa sentensi moja. Moshi wa majikoni na wa mafuta yanayouzwa nje uonyeshwe kwa kumbukumbu, bila kujumlishwa. Na muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili.

Ahadi ni deni, na deni hili lina tarehe. Mwaka 2030 kuna mtu atakayesimama na kusema Uganda imetimiza au haijatimiza. Kabla hatujampigia makofi wala kumzomea, tumuulize kwanza anapima kwa milioni 60 au kwa milioni 112, na tumtake aonyeshe jinsi ya kwanza ilivyogeuka kuwa ya pili.